Shajara ya mradi: ukoo wa bibi ndani ya kompyuta

Wiki ya 1

Huu mradi umezaliwa arusini. Mwezi wa kumi na mbili tulikuwa Tanga, kijana mmoja wa kwetu akawa ameshamwona binti wa watu kutoka Pangani, namba za simu zimeshabadilishwa, mama zake wadogo wanachekelea, mpaka bibi alipomwita yule binti asogee karibu akamuuliza mama yako nani, na mama wa mama yako nani, binti akataja, bibi akanyamaza kidogo alafu akasema hawa hawaoani, huyu ni mjomba wake. Watu wakabaki wanaangaliana maana kijana ana miaka 27 binti ana 22 na hakuna damu yoyote kati ya hizo nyumba mbili. Bibi akaeleza. Kijana alipozaliwa mama yake (ameshatangulia mbele ya haki) aliugua sana, na jirani mmoja aliyekuwa na mtoto mchanga akamchukua akawa anamnyonyesha pamoja na wa kwake kwa miezi mitatu. Yule jirani ndo nyanya mzaa mama wa huyu binti. Kwahiyo kijana na mama wa binti ni ndugu wa kunyonya, na ndugu wa kiume wa mama yako unamwitaje? Mjomba.

Hiyo habari ilikuwa kwa mtu mmoja tu duniani. Bibi ana miaka themanini na kitu. Usiku ule sikulala vizuri kwa kuwaza vingapi vingine anavyo yeye peke yake, na nikaamua nitaandika ukoo wote, na niuandike kwa namna ambayo kompyuta yenyewe ikiulizwa "hawa wawili ni nani kwa nani" ijibu kama alivyojibu bibi pale mkekani.

Mimi ni mhasibu, nipo Dar, kwahiyo cha kwanza kufungua ni Excel. Safu ya jina, safu ya baba, safu ya mama. Watu 40 usiku mmoja. Alafu nikagundua kwamba jedwali linanirudishia kile nilichokiandika na basi, haliwezi kuniambia huyu ni mjomba wa yule kama mimi mwenyewe sijaenda kuandika neno mjomba pale. Bibi hakuwahi kuambiwa na mtu kwamba kijana ni mjomba wa binti, alikuwa na vipande viwili vitatu akaviunga palepale. Nikaanza kutafuta mtandaoni namna ya kuipa kompyuta vipande na uwezo wa kuunga, na hapo ndo nikakutana na hili somo, uwakilishi wa maarifa. Kumbe ni la zamani, John McCarthy, mmoja wa waanzilishi wa akili bandia, alilipendekeza tangu 1958, kwamba unaipa mashine sentensi za mambo unayoyajua, na mashine inatoa humo jambo ambalo hukuliandika. Nilivyosoma hivyo nikajisemea hiki ndo nakitaka.

Wiki ya 1, Ijumaa

Nimeanza na karatasi kabla ya programu yoyote. Vitabu vya somo hili vinaanza na mtandao wa maana, unachora duara kwa kila kitu na mishale yenye majina kati yao, ni mambo ya Ross Quillian miaka ya 60. Nikachora shangazi (ninaye mmoja tu), nikachora baba, mimi, mishale ya "mzazi wa". Ikanoga. Alafu nikaweka mishale ya "ni" na hapo nikakwama mda mrefu.

Angalia. Shangazi ni mwalimu. Mwalimu ni mtu. Shangazi ni yule aliyevaa kijani. Kwa Kiswahili zote ni "ni", na kichwani kwangu zinapita bila shida, lakini kwenye karatasi ni mishale mitatu tofauti kabisa. Wa kwanza unasema mtu mmoja yumo kwenye kundi. Wa pili unasema kundi zima limo ndani ya kundi kubwa zaidi. Wa tatu unasema hawa ni mtu yuleyule, hakuna wawili. Ukizichanganya mashine inatoa upuuzi, kwa mfano ukiandika "mwalimu ni kazi" na "shangazi ni mwalimu" itakuambia shangazi ni kazi. William Woods aliwasema watu kuhusu hilo mwaka 1975, kwamba wanachora mishale bila kusema mshale maana yake nini. Nimechana karatasi nikaanza upya na mishale yenye majina marefu: ni_mmoja_wa, ni_aina_ya, ni_yuleyule.

Wiki ya 2

Nimeweka Prolog, lugha ya kuandikia programu, kwenye laptopu, ile ya SWI, ni ya bure na haimalizi bando. Prolog yenyewe imetokea Marseille, Ufaransa, mwaka 1972, kina Alain Colmerauer, huku mawazo mengine yakitoka kwa Robert Kowalski aliyekuwa Edinburgh. Unaandika mambo unayoyajua mstari mmoja mmoja, alafu kanuni, alafu unauliza.

mzazi(p12, p31).
mwanamume(p31).

Yani p12 ni mzazi wa p31, na p31 ni mwanamume. Hizo namba zina kisa. Mwanzo niliandika majina. Siku ya pili tu babu mkubwa akawa baba wa nafsi yake mwenyewe, maana kwetu mtoto anarithi jina la babu, na jina la huyu mzee lina watu wanne, mmoja marehemu, mmoja yupo Kigamboni na wawili bado wanasoma. Mashine ikiona neno lilelile inahesabu ni mtu yuleyule. Kwahiyo kila mtu amepata namba na jina linakaa pembeni kama sifa yake nyingine tu. Wikidata, lile ghala la taarifa la mtandaoni, nao wanafanya hivyo, kila kitu kina namba yenye herufi Q, na uhusiano una namba ya herufi P, baba ni P22, mama ni P25, mtoto P40. Nimefurahi kuona nimefika mwenyewe kwenye jambo ambalo wengine walishalifikia. Na sababu nyingine ya namba ni kwamba majina ya watu wa nyumbani sitayaweka humu.

Kanuni ya kwanza ya ndugu:

ndugu(X, Y) :- mzazi(Z, X), mzazi(Z, Y), X \= Y.

Maana yake X ni ndugu wa Y kama kuna Z aliyewazaa wote wawili, na X si Y. Ile X \= Y mwanzo niliitanguliza, ikawa kila nikiuliza ndugu wa fulani ni nani inajibu false (si kweli), kwa kila mtu, nikadhani nimeharibu faili lote. Saa mbili nzima. Kumbe Prolog inasoma kushoto kwenda kulia, na pale mwanzoni X bado haijashika mtu yeyote, na X isiyoshika mtu inaweza kuwa mtu yeyote hata Y, kwahiyo sharti linakataa kabla kazi haijaanza. Ukiliweka mwisho linafanya kazi. Alafu kila ndugu anatajwa mara mbili, mara moja kupitia baba na mara moja kupitia mama, hiyo nimeitatua kwa setof ambayo inakusanya majibu na kutoa yanayojirudia.

Na kuna ile ya wahenga, niliandika mhenga anamtafuta mhenga kwanza kabla ya mzazi, ikazunguka mpaka ikaniandikia kwamba imevuka kikomo cha memori cha giga moja. Nimegeuza, mzazi kwanza. Imetulia.

Wiki ya 3

Nimeenda Tanga wikiendi kwa basi. Shikamoo bibi, marahaba mume wangu, chai ya tangawizi, mkate wa kumimina, alafu daftari.

Mifano yote ya ukoo niliyoiona kwenye masomo ya Prolog inatumia maneno ya Kiingereza, na kwao ndugu wa kiume wa mzazi yeyote ana jina moja tu. Kwetu haitoshi. Ndugu wa kiume wa mama ni mjomba, hilo rahisi. Wa baba ni baba mkubwa au baba mdogo, na hapo mashine lazima ijue nani katangulia kuzaliwa, baba yangu au yeye. Kwa dada za mama vilevile, mama mkubwa na mama mdogo. Kwahiyo neno lenyewe la Kiswahili linadai nimjue mtu wa katikati ni mwanamke au mwanamume, nimjue na huyu wa mwisho, na nijue mpangilio wa kuzaliwa. Huku kwenye maongezi bibi anasema "mtoto wake alihamia Korogwe" na Kiswahili hakikuambii huyo mtoto ni wa kike au wa kiume! Ilibidi niwe namkatiza kila dakika, bibi mwanamke au mwanamume? Akachoka, akasema wewe andika kwanza.

Miaka ndo hana. Nilikuwa nimetenga sehemu ya mwaka wa kuzaliwa, ikabaki tupu kwa zaidi ya nusu ya watu. Lakini ukimuuliza nani mkubwa kati ya huyu na huyu anajibu hapohapo, na ukimuuliza tukio fulani lilikuwa lini anasema kabla ya Mapinduzi, au nilikuwa na mimba ya baba yako mdogo, au wakati wa vita vya Amin. Anajua mpangilio, tarehe hazijui. Nikawa naona kama upungufu mpaka niliposoma kuhusu James Allen, mwaka 1983 aliandika namna ya kuwakilisha mda bila tarehe hata moja, kwa mahusiano 13 tu kati ya vipindi, kimoja kabla ya kingine, kimoja ndani ya kingine, vimeanza pamoja, vimegusana na kadhalika. Ni hivihivi anavyoongea bibi. Nimefuta sehemu ya mwaka nimeweka:

amemtangulia(p33, p34).
mkubwa(A, B) :- amemtangulia(A, B).
mkubwa(A, C) :- amemtangulia(A, B), mkubwa(B, C).

baba_mdogo(X, Y) :- mwanamume(X), baba(B, Y), ndugu(X, B), mkubwa(B, X).

Kwa kila tumbo naandika tu nani kamfuata nani, kuanzia kifungua mimba mpaka kitinda mimba, na mashine inajua wote waliobaki. Mistari imepungua sana. Kuandika kitu kwa umbo lilelile ambalo mwenye maarifa analo kumenisaidia kuliko kumlazimisha bibi ajibu fomu yangu.

Neno ambalo tumebishana ni binamu. Kwa bibi binamu ni watoto wa mjomba na watoto wa shangazi, basi. Watoto wa baba mdogo na baba mkubwa ni ndugu zako, ukimwita binamu anakuona umemtenga. Sasa binti mmoja wa kwetu aliyekulia Dar anamwita binamu kila mtoto wa ndugu wa mzazi. Na neno lenyewe kwa asili ya Kiarabu ni bin ammi, mtoto wa ami, yani ndugu wa baba, haohao ambao bibi anasema siyo! Kwahiyo watu watatu maana tatu. Nikajaribu kuchagua moja iliyo "sahihi", alafu nikaacha, nimeweka kanuni mbili zenye majina mawili, binamu_wa_bibi na binamu_wa_mjini. Ontolojia, neno linalotumika sana kwenye hili somo, ni hayo makubaliano ya maneno gani yapo na kila neno limebeba nini, na makubaliano ni ya kundi fulani la watu. La bibi nimeliweka kama ndo la msingi maana maarifa ni yake.

Wiki ya 4, Jumatano

Kitu kidogo. Nilisoma kuhusu MYCIN, programu ya Stanford ya miaka ya 70 iliyokuwa inashauri kuhusu maambukizi ya bakteria, ilikuwa na kanuni karibu 600 na kila kanuni imebeba namba ya uhakika, kutoka hasi moja mpaka moja. Nikataka na mimi, kwamba mzee fulani ni mtoto wa fulani kwa uhakika wa 0.7. Nikampigia bibi, hili unalijua kwa kiasi gani? Akasema ama namjua ama simjui, na kama nimeambiwa ntakuambia nimeambiwa na nani.

Nimetoa namba zote nikaweka kauli(bibi, ...) na kauli(mama_mkubwa, ...), yani kila ukweli na aliyeusema, na kama naye aliambiwa basi na huyo aliyemwambia. Mtu aliyesoma madrasa atajua hii ni sanadi. Imekaa vizuri zaidi ya desimali, maana watu wawili wakipingana naona kabisa nani kasema nini na naweza kuwapigia wote.

Wiki ya 5

Hii nataka niiandike kwa kirefu.

Bibi ana kaka yake, namba yake ni p17. Alikuwa Unguja, akaondoka baada ya Mapinduzi ya 1964 akaenda Oman kama walivyoenda wengi. Barua zikawa zinakuja, ya mwisho ilikuja bibi akiwa na mimba ya baba mdogo. Baada ya hapo kimya mpaka leo. Mimi nimemwingiza na wazazi wake na ndugu zake na nikaendelea na wengine.

Jumamosi nilikuwa na bibi kwa simu ya video, nikamwonyesha, nikamwambia uliza chochote kuhusu mtu yeyote. Akauliza kaka yangu ana watoto? Nikaandika mzazi(p17, _), yani p17 ni mzazi wa mtu yeyote, nikabonyeza, ikatoka false, na mimi bila kufikiri nikamsomea, bibi inasema hana.

Akasema, nani kakuambia hana?

Sikuwa na jibu. Hakuna aliyesema. Mimi sikuandika chochote na mashine ikageuza ukimya wangu kuwa habari. Akaongeza, sauti imeshuka, akasema wewe andika hatujui, usimwandike mtu tasa. Nimekata simu nikakaa na lile neno false kwenye skrini mda mrefu sana.

Kumbe hili lina jina na limeandikwa tangu 1978 na Raymond Reiter, dhana ya dunia iliyofungwa. Prolog inachukulia kwamba kila kilicho kweli kimeandikwa, kwahiyo kisichopatikana si kweli. Kuna sehemu ni sawa kabisa. Ratiba ya basi, kama basi la saa nane usiku halimo basi hilo halipo, huna haja ya ratiba kuorodhesha mabasi yote yasiyokuwepo. Daftari langu la malipo ofisini ni hivyohivyo. Lakini ukoo siyo ratiba. Upande wa pili kuna lugha ya OWL ambayo shirika la W3C, linalopanga viwango vya wavuti, lilipitisha mwaka 2004, yenyewe dunia ni wazi, usipoandika kwamba mtu hana watoto haitasema hana, itakaa kimya. Huko kila sentensi ni utatu, kiima, kiarifu na shamirisho kama sarufi ya sekondari, na ukimya haumaanishi kitu.

Nilifikiria kuhamia huko moja kwa moja, nikaona Prolog nimeshaizoea na tatizo naweza kulitatua humuhumu kama nitaongeza aina moja ya ukweli ambayo sikuwa nayo kabisa, ukweli kuhusu orodha yenyewe, kwamba imekamilika:

wote_wametajwa(p20).

jibu_watoto(X, anao) :- mzazi(X, _), !.
jibu_watoto(X, hana) :- wote_wametajwa(X), !.
jibu_watoto(_, haijulikani).

Ile alama ya mshangao inaizuia isiendelee kutafuta ikishapata jibu. Sasa mashine haina ruhusa ya kusema "hana" mpaka kuwe na mtu aliyesema hao ndo wote. Kwa p17 inajibu haijulikani. Nimempigia bibi nikamsomea, akasema haya, hapo sawa.

Wiki ya 6

Kunyonya. Ndo sababu ya mradi wote na nimeichelewesha kwa kuiogopa.

Jaribio la kwanza nilifanya njia ya mkato, nikasema aliyekunyonyesha ni mzazi wako. Swali la arusini likajibiwa sawasawa, lakini nikauliza watoto wa yule jirani ni wangapi ikatoa sita wakati amezaa watano. Huyo wa sita ni kijana wetu. Hapa kuna hatari ya kweli, maana kunyonya kunazuia ndoa lakini hakuleti mirathi, na mtu akija kutumia hii kazi kwa mambo ya mirathi atakuta mrithi ambaye hayupo. Kwahiyo mzazi amebaki mzazi, na ndugu nimemgawa mara mbili, wa damu na wa ndoa, yani wa kuzuia kuoana:

mama_wa_ndoa(M, X) :- mama(M, X).
mama_wa_ndoa(M, X) :- amemnyonyesha(M, X).

ndugu_wa_ndoa(X, Y) :- mama_wa_ndoa(M, X), mama_wa_ndoa(M, Y), X \= Y.

Ndugu wa baba mmoja nao wana mstari wao, na mume wa aliyenyonyesha pia, maana naye anakuwa baba wa huyo mtoto kwa upande wa ndoa, bibi alinikumbusha mwenyewe. Sharti la amemnyonyesha lipo kwa madhehebu yetu ya Shafi, mara tano na zaidi na mtoto awe hajavuka miaka miwili, kwahiyo siandiki mpaka aliyesema awe amesema na hilo. Orodha ya wasiooana nimeichukua kwenye Sura ya An-Nisaa aya ya 23, na ukiisoma ukiwa umetoka kwenye Prolog unaona ilivyopangwa, mama zenu, binti zenu, dada zenu, shangazi zenu, mama zenu wadogo, binti wa kaka, binti wa dada, na mama waliowanyonyesha na dada zenu wa kunyonya, mstari kwa mstari. Hukumu ni ya shekhe, hii mashine kazi yake ni kusema hapa pana jambo nendeni mkaulize.

Alafu usiku wa Alhamisi nikauliza. Kijana ni p58, binti ni p121.

?- mjomba_wa_ndoa(p58, p121).
true.

Hilo neno mjomba sikuwa nimeliandika popote kati ya hao wawili. Niliandika kwamba mwanamke fulani alimnyonyesha p58, kwamba huyohuyo alimzaa mama wa p121, na kanuni. Nimemtumia bibi sauti ya WhatsApp saa tano usiku, asubuhi akajibu kwa sauti, eeh, ndo nilivyosema.

Wiki ya 8

Watu wamefika 162. Wiki hizi mbili kazi imekuwa moja tu, kila jioni nampigia bibi, napita mtu mmoja mmoja, nasoma majina ya watoto wake alafu namuuliza, bibi hao ndo wote? Akisema wote naandika wote_wametajwa. Akisita naacha. Ni kazi ya taratibu lakini kwa hilo swali moja wameongezeka watu 11 ambao hakuwataja mwanzo, mmoja alikufa mdogo, mwingine alichukuliwa akalelewa Mombasa, wawili ni wa mke wa pili ambaye hatukuwa tunamzungumzia nyumbani.

Jana nikafika kwake yeye mwenyewe. Nikasoma watoto wake, baba mkubwa, baba yangu, shangazi, baba mdogo. Bibi hao ndo wote?

Akakaa kimya, nikadhani mtandao umekata. Nikaita bibi. Akasema, katikati ya baba yako mkubwa na baba yako palikuwa na mmoja. Mwanamke. Hakufika siku ya saba. Akasema kwa vile jina linatolewa siku ya saba basi hakupata jina, akazikwa hivyo, na babu alisema lisizungumzwe. Baba yangu ana miaka 60 na nadhani hajui kwamba si wa pili kuzaliwa.

Nikamuuliza nimwandike? Akasema mwandike, si nimemzaa.

Kwenye faili langu kila mtu ana mstari wa jina, na kuna sehemu ya programu inayolalamika kama jina halipo. Nimeiondoa hiyo sehemu. Wenzetu wa RDF, ule mfumo wa sentensi za utatu, wana kitu kinaitwa nodi tupu, yani unasema kuna mtu, huyu hapa, ana mama huyu na baba huyu, bila kudai jina lake. Kwangu imetosha kumpa namba na kuacha mstari wa jina usiwepo. Nimeandika mama yake, baba yake, mwanamke(p163). Nimefuta mstari uliosema baba mkubwa amemtangulia baba, nimeweka miwili mahali pake, baba mkubwa amemtangulia p163, p163 amemtangulia baba. Nimeongeza kauli(bibi). Nimeandika wote_wametajwa kwa bibi, maana nilimuuliza tena akasema sasa ndo wote.

Mimi ni p52. Kabla ya kufunga nikauliza swali ambalo huwa naliuliza kila nikimaliza kubadilisha kitu, kupima tu kama faili bado linafanya kazi.

?- setof(X, shangazi(X, p52), Orodha).
Orodha = [p163, p41].